Msemaji wa Irakoze

Watu wa Kibondo watakuambia Mwalimu Niyonkuru ana hasira za karibu. Kweli, sikatai. Miaka kumi na moja nafundisha tuisheni ya Kiingereza, sita nilifundishia Kasulu na mitano hapa Kibondo, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la Omary, na mtu akinichokoza natupa chaki. Ila simpigi mtu. Chaki naitupa ukutani.

Wanafunzi wa siku hizi hawataki Kiingereza cha kitabu, wanataka cha mtaani. Juzi dada mmoja mshona nguo, ametoka Titye, mtu mwenye adabu zake, kaninyooshea kidole darasani. "Mwalimu, hivi hili neno get maana yake hasa ni nini? Mbona kila wimbo limo, na kila mahali lina maana yake?" Nikamwambia toka nje. Maskini, akakusanya daftari zake akatoka, na darasa zima likaniangalia kama nimerukwa na akili. Nilimfuata nikamwomba radhi. Hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, na nimeona bora niliseme lote mara moja kuliko kuendelea kufukuza watu.

Zamani hizo nikiwa Kasulu alikuja darasani binti anaitwa Ndayikeza, mtoto wa Mzee Ndihokubwayo wa Kitanga. Ni watu waliotoka Burundi enzi za babu yao, wakalima, wakazaa, wakapewa uraia, leo ni Watanzania kama mimi niliyezaliwa Kasanda. Ndayikeza alitaka kwenda Marekani kusomea uuguzi, na nafasi alikuwa ameipata, kikwazo ni mtihani wa Kiingereza. Alikuja miezi minane. Masika barabara ya kwao inakuwa tope tupu, kwa hiyo alifika pekupeku, viatu kwenye mfuko, ananawa miguu bombani halafu ndiyo anaingia. Akikaa tu, maswali. Yaani huyo alikuwa anauliza mpaka unasahau ulichokuwa unafundisha.

Nilimpenda. Basi. Sina haja ya kuzungukazunguka, nilimpenda mpaka nikawa naogopa Ijumaa, kwa sababu Jumamosi na Jumapili hakukuwa na darasa.

Sikumwambia. Nilijiambia mwalimu hamtongozi mwanafunzi, ngoja afaulu mtihani. Akafaulu. Nikajiambia ngoja kwanza apate viza. Akapata. Nikajiambia sasa nikimwambia nitakuwa nimemwekea mtego mtoto wa watu, ana safari mbele yake, haraka haraka haina baraka. Si unaona jinsi mwoga anavyopata methali za kujifunika? Ile nyingine, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, niliijua vizuri sana na sikuigusa.

Siku anaondoka nilimsindikiza stendi ya Kasulu pamoja na baba yake na mama yake, Mama Epifania. Alinipa mkono akasema, "Mwalimu, huko nikikwama kwenye maneno nitakuuliza wewe." Nikamjibu, "Uliza, kuuliza si ujinga." Hicho ndicho nilichomwambia! Mimi, mwenye maneno ya kuuza kwa mji mzima!

Wiki mbili baadaye ukaingia ujumbe wa sauti. Anacheka. "Mwalimu, umenidanganya! Ulinifundisha get ni kupata. Huku watu hawapati kitu, wanagetigeti tu!" Akaanza kunihesabia. Mgonjwa akiagwa wanatumia get, maana yake apone. Asubuhi kuamka nako ni get. Basi la mjini unaligeti, wala hujalinunua. Mtu akikuambia jambo la ajabu unamjibu get out of here huku unacheka, naye wala hatoki, anavuta kiti, maana yake ni acha utani wako bwana. "Sasa mimi," akasema, "kuna muuguzi mzee kaniambia hivyo, nikachukua mkoba wangu nikatoka kweli. Nilisimama koridoni nalia, Mwalimu!"

Nilicheka mpaka jirani akaja kuchungulia. Halafu nikaenda dukani kununua daftari kubwa, lile la jalada gumu, nikaandika: get, na chini yake maana zote alizonitumia, kila moja na tarehe yake. Mwaka wa kwanza haikupita wiki bila maana mpya. Mimi namrudishia maelezo marefu, kwa nini iko hivi, mfano wake ni huu, naye ananijibu kwa kicheko. Nyuma ya sauti yake nilikuwa nasikia sufuria, maji, mara mlango. Nilizisikiliza asubuhi kabla sijaongea na mtu yeyote. Nilishajua nyumba yake kwa masikio.

Kasulu ikanishinda. Kila nikiingia darasani naliona lile benchi la mbele. Nikawaambia watu nahamia Kibondo kwa sababu kuna wanafunzi wengi. Uongo mtupu. Nilikuja Kibondo kwa sababu hakuwahi kukanyaga hapa.

Mwaka wa pili bibi yake mzaa baba akafariki, Ndayikeza akashindwa kuja kuzika. Mwenzake kazini akamwambia you'll get over it. Akaniuliza, "Mwalimu, na hiyo ni ya nini?" Nikamweleza kwamba ni kulivuka jambo, huzuni ikawa nyuma yako na wewe ukaendelea na mengine. "Kwa hiyo wanataka nimvuke bibi," akasema. Nikamwambia wanamaanisha vizuri tu. Niliiandika na hiyo daftarini. Usiku ule nilijaribu mwenyewe kuvuka, na wala sikufika popote.

Baadaye sauti zikapungua. Ikawa mara moja kwa mwezi, kisha Krismasi na Pasaka. Omary, ambaye hana adabu hata chembe, alikuwa akinipitia na kikombe chake cha kahawa: "Mwalimu, oa bwana. Utazeeka na chaki mkononi. Huyo wa kwenye simu hapiki ugali." Namwambia nenda kapime sukari yako. Anakwenda, anacheka.

Mwaka huu, mwezi wa saba, Mzee Ndihokubwayo akanipigia.

"Mwalimu, amahoro."

"Amahoro, mzee wangu. Nyumbani kwema?"

"Kwema sana. Mwanangu anaposwa."

Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Mzee akaendelea kunieleza kwa furaha. Mchumba anaitwa Irakoze. Damu ni ya kwetu, kazaliwa kambini huku huku, akachukuliwa na shangazi yake kwenda Marekani akiwa bado anatambaa. Wazazi walishatangulia, na shangazi naye kafa mwaka juzi. Kirundi hajui, Kiswahili hajui, ya kwetu amebaki nayo jina tu. Wamefahamiana hospitalini, kijana anatengeneza mitambo ya pale, mwaka wa pili sasa. "Nimemwambia Ndayikeza," akasema mzee, "mimi binti yangu haozeshwi kwa meseji. Nataka posa uani kwangu, pombe ya ndizi katikati, watu wamekaa. Kama hawawezi kuja, basi wawe kwenye simu ya video, lakini desturi ipite. Sasa kijana hana mzee wa kumsemea. Ndayikeza kakutaja wewe."

"Mwenyewe kanitaja?"

"Mwenyewe. Kasema Mwalimu Niyo ndiye anayejua maneno ya pande zote mbili."

Nilipomwambia Omary, kwa mara ya kwanza hakucheka. Aliweka kikombe chini. "Kataa, ndugu yangu. Sema unaumwa. Hata mimi nitakuapia." Nilijua anasema kweli. Nikaenda. Nitasema ukweli hapa pia: nilikwenda kwa sababu nilitaka kumwona, hata kama ni kwenye kioo cha simu, hata kama ameketi na mwanamume mwingine. Nilikuwa na njaa ya uso wake. Sauti pekee ilikuwa imeacha kunishibisha.

Siku moja kabla, Irakoze alinipigia tujuane. Kijana wa watu, mpole, ananiita sir kila baada ya neno. Akaniuliza kama kuna jambo lolote analopaswa kujua kabla ya kukabili wazee. Nikamwambia avae shati lenye kola na asitafune bigijii.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo mambo yote yalipo. Kwenye posa za kwetu upande wa binti lazima ukatae kwanza. Lazima! Baba anayekubali papo hapo anaonekana anamtupa mtoto wake. Kwa hiyo watakuambia binti hayupo, binti amekufa, nyinyi ni nani, rudini mlikotoka. Wote mnajua ni mchezo. Upande wa mume unavumilia, unabembeleza, unajibu kwa maneno matamu mpaka wazee waridhike. Lakini mchumba akikubali kukataliwa, akisema haya basi, hapo si mchezo tena. Amewatukana. Ameonyesha binti yao hastahili hata jasho la ulimi. Posa imekufa, na mtu huyo haukanyagi tena ua ule. Hata mtoto mdogo wa Kitanga analijua hilo, na Irakoze alikuwa halijui. Nami sikumwambia. Mkiniuliza nitajibu nilisahau. Mkiniuliza mara ya pili sijui nitajibu nini.

Jumamosi nikapanda basi la alfajiri hadi Kasulu, kisha bodaboda hadi Kitanga. Mama Epifania alinipokea kwa ile salamu yao, amenikumbatia, ameniachia, amenishika mabega, amenikumbatia tena, anauliza habari za kila mtu mpaka kuku. "Mwana wanje, mwanangu, umekuja kutuolea!" akasema. Nikatabasamu. Nilivaa koti langu la harusi za wengine.

Uani walikuwa watu kama thelathini. Upande mmoja wa kwao, na mbele yao mdogo wa Mzee Ndihokubwayo, anaitwa Mpawenimana, msemaji wao, mtu mwenye ulimi wa kuchoma na kupoza. Upande wa pili mimi na wazee wawili wa kanisa walioazimwa ili nisionekane yatima. Katikati kibuyu cha pombe na mirija yake. Simu waliisimamisha juu ya stuli, imeegemea kinu. Kwetu ilikuwa saa tisa alasiri, kwao asubuhi.

Kioo kikawaka, na aliyekuwa anaweka simu sawa upande wa pili alikuwa yeye. Amekata nywele. Amevaa miwani. Uso umejaa, lakini macho ni yale yale ya kuuliza.

"Mwalimu," akasema. "Umekonda."

"Na wewe umenenepa," nikamjibu, na watu wakacheka. Moyo wangu, jamani! Ndayikeza akarudi nyuma kukaa pembeni, kwa sababu binti haongei kwenye posa yake mpaka aitwe, akiongea anamwaibisha baba yake. Irakoze akakaa mbele, shati jeupe, kola imefungwa mpaka juu. Nyuma ya bega lake niliona nusu ya Ndayikeza.

Nikasimama nikaanza kama inavyotakiwa. Nikasema sisi ni wafugaji tuliopotelewa na mtamba wetu mzuri, tumefuata nyayo milima na mabonde, nyayo zimeingia kwenye ua huu. Mpawenimana akanipokea. Mtamba wa rangi gani? Nyayo za lini? Mbona mvua imenyesha jana na nyayo hazijafutika, au mmezichora wenyewe? Watu wanashangilia. Tukaenda hivyo muda, naye akasema, "Wewe, msemaji, maneno unayo. Sasa nataka nimsikie mwenye mtamba. Aseme mwenyewe kwa nini anamtaka."

Nikamtafsiria. Irakoze akasafisha koo. Akasema walikutana koridoni mashine imeharibika, akasema Ndayikeza ni mtu mzuri sana, kisha akasema she gets me, and I get her. Kwake alikuwa amemaliza yote. Na hiyo maana nilikuwa nayo daftarini, ukurasa wa kwanza kabisa: mtu kukuelewa hata usipojieleza.

"Anasema wanaelewana," nikatafsiri.

"Basi?" Mpawenimana akageuka kwa watu wake. "Hata mbuzi na mchunga mbuzi wanaelewana!" Ua mzima ukacheka. Irakoze naye akacheka, masikini, akidhani mambo yameiva.

Hapo Mpawenimana akasimama, akafunga uso. Akasema binti mnayemtafuta hapa hayupo. Tulikuwa naye, alikwenda kuteka maji, mto ukamchukua. Na hata angekuwepo, tusingempa mtu asiyejua kumsalimia mama mkwe wake, mtu asiyejua makaburi ya wazazi wake yako wapi. Kunjeni mkeka wenu, njia ni ile ile mliyokuja nayo.

Niliyatafsiri yote neno kwa neno, kwa Kiingereza kizuri kilichonyooka. Sikumwambia ni desturi. Neno moja tu la Kiingereza lingetosha, na sikulisema.

Nilimwona akibadilika. Kicheko kilitoka usoni polepole, akatazama mikono yake. Lile la makaburi lilimpata mahali pabaya. Halafu akainua kichwa, na kwa heshima zake zote akasema, "I get it." Akasema anawaelewa wazee. Hawezi kumchukua binti wa watu bila baraka, na kwamba wana haki, yeye hana kwao. Akasema anaomba radhi kwa kuwapotezea muda. Mkono wake ukawa unakuja mbele kuzima simu.

"Anasemaje?" Mpawenimana akaniuliza. Macho ya watu wote thelathini yakanigeukia.

Sikuwa na haja ya kudanganya hata kidogo, mnaona? Nilichotakiwa ni kuwa mkalimani mwaminifu. Wazee, anasema ameelewa, anaomba radhi. Sentensi moja, ya kweli tupu, na posa ingekufa pale pale, na hakuna mtu duniani angeninyooshea kidole. Ndayikeza angekuwa huru. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Nikamtazama. Alikuwa amesogea mbele, ameshika nyuma ya kiti cha Irakoze kwa mikono miwili, kafunga midomo kwa nguvu kama mtoto anayedungwa sindano. Hawezi kusema. Hakuwa anamtazama Irakoze, alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtaka yule kijana, jamani. Hata ningekuwa kipofu ningeliona hilo.

"Usizime," nikamwambia Irakoze kwa Kiingereza. "Kaa hapo hapo, usiseme kitu." Kisha nikageukia wazee.

"Anasema amesikia kwamba binti hayupo," nikasema. "Anasema hilo halimtishi, kwa sababu kutokuwepo kwake amekuzoea. Miaka mitano amekula nako na kulala nako. Anasema kila asubuhi husikiliza sauti yake kabla hajaongea na mtu mwingine, na siku ambayo sauti haikuja, siku hiyo hata chai haina ladha. Anasema yako maneno aliyoyajua maisha yake yote, akadhani anayajua, mpaka binti yenu alipomuuliza. Anasema alikuwa na nafasi ya kusema mapema, akanyamaza. Akajiona mstaarabu, kumbe mwoga. Alihama mji kwa ajili yake na haikusaidia. Ni kweli hana ng'ombe, na hana mtu wa maana nyuma yake. Mkimfukuza atalala nje ya ua huu, mvua ikija imkute hapo. Haombi mumpe binti awe mali yake. Anaomba mumruhusu ampende mbele za watu, kwa sababu kumpenda kimyakimya kumemchosha. Hivyo ndivyo anavyosema."

Sijui nilisema kwa muda gani. Mama Epifania alikuwa anajifuta macho kwa kitenge. Mpawenimana alisimama anakuna kichwa.

"Ewe!" akasema mwishowe. "Huyu kaishi Marekani miaka yote hiyo na kinywa chake bado ni cha kwetu! Kwa Kiingereza alisema kidogo hivi?"

"Kiingereza kinabana maneno, mzee," nikamwambia.

"Ni mtoto wetu," Mzee Ndihokubwayo akasema. "Jamani, damu haipotei. Binti aitwe."

Ndayikeza akaja mbele, akakaa kando ya Irakoze. Irakoze hakuwa ameelewa hata neno, alikuwa anatabasamu kwa wasiwasi, anatazama huku na huku. Mzee akasogea karibu na kibuyu, akauliza swali ambalo kila baba wa kwetu humuuliza binti yake siku hiyo: "Mwanangu, pombe hii tuinywe au tuimwage?"

Ndayikeza akavua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Baba," akasema, "naomba nimuulize Mwalimu neno moja kwanza."

Wanawake wakaguna. Si kawaida. Lakini mzee alikuwa na furaha, akasema, "Uliza, mwanangu."

Akanitazama. Kiingereza cha Irakoze alikisikia kwa masikio yake, amekaa hatua moja nyuma yake. Alijua kilichosemwa na kisichosemwa. Alijua pia kwamba na Irakoze hawajatimiza hata miaka miwili.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili, polepole, "maneno hayo ni ya Irakoze?"

Nimeishi na swali hilo miezi mitatu sasa na bado sijui lilitaka nini. Pengine alitaka nikane, ili akatulie na mume wake. Pengine alitaka nikiri. Uso wake haukunisaidia, ulikuwa unangoja tu, kama alivyokuwa akingoja darasani nimalize kufikiri. Ningeweza kusema ni yangu. Maneno mawili tu. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na hewa kifuani, na safari hii hapakuwa na mtihani wala viza ya kusingizia. Irakoze akamwekea mkono begani, akamuuliza kwa sauti ya chini kama yuko salama, naye bila kugeuka akaugusa ule mkono kwa vidole vyake.

"Ni yake," nikasema.

"Yote?"

"Yote."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayeandika jibu. "Basi, Baba," akasema, "mnywe."

Vigelegele vikapasua ua. Mama Epifania akaanza kucheza na mikono hewani, Mpawenimana anapiga magoti ardhini kwa furaha, wazee wangu wa kuazimwa wananipigapiga mgongoni kunipongeza. Irakoze alipoambiwa amekubaliwa alifunika uso kwa viganja akalia waziwazi, na sikuweza hata kumchukia.

Kwenye posa msemaji wa mume ndiye hunywa wa kwanza, ndipo neno linakuwa limefungwa. Mzee Ndihokubwayo alinishika mkono mwenyewe, akaniongoza mpaka kwenye kibuyu, akanipa mrija. "Kunywa, Mwalimu," akasema, "bila wewe leo tusingekunywa." Simu ilikuwa pale pale kwenye stuli, karibu na goti langu. Wote walikuwa wanaimba. Ndayikeza peke yake alikuwa hajahama mbele ya kioo, ananitazama, na machozi yanamtoka bila kuyafuta. Nikainama, nikanywa mbele yake, nao wakapiga makofi.